Kinacholindika Hupiganiwa: Somo la Sato, Mdiria na Jogoo



Leo naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nikianza na nadharia mtanikimbia.

Miaka michache iliyopita kikundi cha vijana sita wilayani Magu walinipigia simu. Walikuwa na bwawa la sato, si mbali na ziwa. Mara ya kwanza walinunua vifaranga, wakavuna vizuri, wakauza. Msimu wa pili hela ya vifaranga ikawa shida. Wakaniuliza: "Bwana shamba, si tuna samaki humuhumu bwawani? Kwa nini tusizalishe wa kwetu?"

Nikawajibu kwa kujiamini kabisa. Chagueni madume wanne, wale wakubwa kuliko wote. Wawekeni pamoja na majike 60 kwenye bwawa dogo la pembeni. Dume mkubwa ndiye mwenye mbegu nzuri. Kizazi kinachofuata fanyeni hivyohivyo.

Baada ya vizazi vitatu nikaitwa tena. Tukavuta wavu. Samaki wa miezi saba, wengi hawajazidi kiganja, na wengine migongo imepinda. Chakula kilikuwa kilekile, maji yaleyale. Mnunuzi aliyekuja kutoka Mwaloni Kirumba aliangalia ndoo mbili, akapanda pikipiki, akaondoka. Hata bei hakutaja. Kijana mmoja akanigeukia: "Kaka, si ulisema wakubwa ndio wazae? Tumefanya hivyo. Tumekosea wapi?"

Hawakukosea wao. Nilikosea mimi. Nilikuwa najua kulisha samaki na kupima maji, lakini sikuwa nimejiuliza swali la msingi: wanyama wanapozaliana, nani anashindana na nani, nani anashirikiana na nani, na kwa nini? Nilidhani hayo ni mambo ya watu wa Serengeti wanaofuatilia simba. Kumbe ni mambo ya mfukoni mwako.

Dume wa sato hana muda wa kulea

Tuanze na samaki mwenyewe. Ukisimama kando ya bwawa lenye maji ya kina kifupi, asubuhi maji yakiwa yametulia, utaona vishimo vya duara kwenye tope. Hivyo ni viota. Dume wa sato anachimba kwa mdomo, analinda eneo lake, anamfukuza dume yeyote anayesogea. Jike akiridhika naye, anataga hapo, dume anarutubisha, na jike anayakusanya mayai yote mdomoni mwake.

Hapo ndipo njia zao zinaachana. Jike anabeba mayai, na baadaye vifaranga, kwa takriban siku 10 hadi 14, na muda huo karibu hali kitu. Hata vifaranga wakishaanza kuogelea, hatari ikitokea wanarudi mdomoni kwa mama. Na dume je? Amebaki kwenye shimo lake anamsubiri jike mwingine.

Mwaka 1972 mwanabiolojia wa Marekani, Robert Trivers, aliliweka jambo hili vizuri. Upande unaotumia nguvu nyingi zaidi kwa watoto ndio unaokuwa mgumu wa kuchagua mwenzi, na upande unaotumia kidogo ndio unaopigana wenyewe kwa wenyewe ili uchaguliwe. Jike wa sato akikosea, amepoteza wiki mbili za njaa. Dume akikosea, amepoteza dakika chache. Kwa hiyo madume wanashindana. Dume mkubwa na mwenye nguvu ndiye aliyeacha watoto wengi, kizazi baada ya kizazi, kwa maelfu ya miaka. Mageuzi ya viumbe ndiyo hayo: anayeacha watoto wengi ndiye anayerithisha tabia yake.

Sasa angalia faida yako hapo. Kwa nini tunakuhimiza ununue vifaranga madume watupu? Kwa sababu dume wa sato hukua haraka kuliko jike. Chakula unachompa anageuza mwili. Jike anageuza mayai, kisha anafunga mdomo. Na ukichanganya jinsia bwawani, wanaanza kuzaana wakiwa na miezi michache tu, bwawa linajaa watoto, wote wanagombea chakula kimoja, na unavuna dagaa wenye magamba ya sato. Kwenye vizimba ziwani tatizo hili ni dogo, maana jike akitaga mayai yanapita kwenye matundu ya wavu kabla hajayaokota. Bwawani tope lipo, kiota kipo, arusi ipo.

Hesabu iliyonishinda

Turudi Magu. Niliwaambia waweke madume wanne. Kwenye karatasi baba ni wanne. Lakini bwawa dogo lina sehemu chache nzuri za kiota. Dume wawili wenye ubabe wakishazishika, wale wengine wawili wanabaki kuzungukazunguka. Kwa hiyo karibu watoto wote wana baba wawili.

Wataalamu wa uzalishaji wana hesabu ya kupima jambo hili. Zidisha idadi ya madume kwa idadi ya majike, zidisha tena kwa 4, kisha gawa kwa jumla ya madume na majike. Jibu linakuonyesha kundi lako lina ukubwa gani kwa upande wa damu, hata kama macho yanaona samaki wengi.

Madume 2 na majike 60: 4 × 2 × 60 = 480. Gawa kwa 62. Jibu ni karibu 8.

Madume 20 na majike 60: 4 × 20 × 60 = 4,800. Gawa kwa 80. Jibu ni 60.

Umeona? Majike ni walewale 60. Lakini kundi la kwanza, kwa upande wa damu, ni kama samaki wanane tu. Na kila kizazi undugu unaongezeka kwa 1 kugawa kwa mara mbili ya jibu hilo. Kwa lile kundi la nane ni karibu asilimia 6.5 kila kizazi. Vizazi vitatu, umefika karibu asilimia 18. Ili upate picha: mtoto wa kaka na dada waliozaliwa baba mmoja mama mmoja ni asilimia 25. Kwa lile kundi la 60, kila kizazi ni chini ya asilimia 1.

Yaani ushauri wangu wa "dume mkubwa" uliwafanya wale vijana wafuge ukoo mmoja. Ukuaji ukashuka, migongo ikapinda, mnunuzi akawasha pikipiki.

Kinacholindika hupiganiwa

Hapa ndipo nataka ushike kanuni moja, maana inafanya kazi kwa samaki, kuku, mbuzi na hata watu wa sokoni: kitu ambacho mmoja anaweza kukilinda peke yake, kitapiganiwa. Kitu ambacho hakilindiki, hakuna anayehangaika kukipigania.

Dume wa sato hapigani kwa sababu ana roho mbaya. Anapigana kwa sababu kulinda kile kishimo kunamlipa. Ukiwaweka samaki wachache kwenye eneo kubwa, mbabe anajitwalia kona yake na kuilinda siku nzima. Ukiwaweka wengi kama tunavyofanya kwenye vizimba, wa kufukuza ni wengi mno, kila akimfukuza mmoja wamepita watano. Kulinda kunakuwa hasara, na ubabe unapungua.

Chakula nacho ni hivyohivyo. Ukisimama kila siku sehemu moja na kumwaga chakula pointi moja, umetengeneza kitu kinacholindika. Wakubwa wanakaa pale, wadogo wanapata makombo, na siku ya kuvuna unakuta samaki wa ukubwa wa aina tatu bwawa moja. Tawanya chakula upana wa bwawa, na utaona tofauti ya ukubwa inapungua bila kuongeza hata kilo moja ya chakula.

Na majike nao wana kauli

Usifikiri kila kitu kinaamuliwa na vita vya madume. Ziwa letu limeifundisha dunia nzima somo hili kupitia samaki ambao wengi tunawadharau: furu.

Kuna furu wawili wanaoishi kwenye mawe ya visiwa vyetu. Mmoja, madume wake ni wekundu mgongoni. Jina lake la kisayansi ni *Pundamilia nyererei*, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mwingine, *Pundamilia pundamilia*, madume wake ni wa bluu na kijivu. Majike wa aina zote mbili wanafanana sana. Kinachowatenganisha ni jike kuchagua rangi ya dume anayemtaka.

Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha utafiti katika jarida la *Science*, uliotokana na maji yetu haya ya Mwanza. Penye maji maangavu, kama kisiwa cha Makobe, wekundu na wa bluu wanabaki mbalimbali. Kusini zaidi ndani ya Ghuba ya Mwanza, penye tope, kama Luanso, jike haoni rangi vizuri, uchaguzi unavurugika na aina hizo mbili zinachanganyika. Tope na mbolea vinavyotiririka kutoka mashambani vinaingia mpaka kwenye ndoa za samaki.

Kwa mfugaji maana yake ni hii: mazingira unayoyatengeneza yanaamua nani anazaa na nani. Hata usipochagua, umechagua.

Mdiria: ndege anayekubali msaada pale tu anapouhitaji

Mpaka hapa nimeongelea vita. Lakini pwani yetu hii ina mfano mzuri wa ushirikiano, na kama una vizimba unamfahamu. Ni mdiria yule mwenye manyoya meusi na meupe, anayesimama hewani akipigapiga mabawa juu ya maji kisha anajitupa kama jiwe. Wafugaji wengi tunamwona mwizi. Ana somo.

Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwafuatilia ndege hawa katika maziwa mawili upande wa Kenya: Victoria na Naivasha. Mdiria anachimba shimo kwenye ukingo wa udongo na kutaga humo. Reyer aliona kwamba jozi nyingi hazilei peke yao. Zina wasaidizi, na wasaidizi ni wa aina mbili.

Wa kwanza ni mtoto wa kiume wa mwaka uliopita. Hajapata mke, amebaki nyumbani, analeta samaki kwa wadogo zake na anasaidia kufukuza adui. Huyu unamwelewa: ni damu yake.

Wa pili ndiye wa kushangaza. Ni dume kapera asiye na undugu wowote na familia ile. Anakuja na samaki mdomoni, kama mtu anayekuja ukweni na zawadi. Mwanzoni anafukuzwa. Kwa nini ahangaike kulisha watoto wa mwenzake? Kwa sababu majike ni wachache, na akishazoeleka pale, mwaka unaofuata anaweza kumpata jike yuleyule. Msaada wake ni posa ya muda mrefu.

Sasa sikia jambo lenyewe. Naivasha, ambako kuwinda ni rahisi zaidi, jozi kwa kawaida ilimfukuza kapera huyu moja kwa moja. Ziwa Victoria, ambako wazazi wawili wanashindwa kulisha makinda wote, alikubaliwa. Huku kwetu jozi isiyo na msaidizi ilikuza kwa wastani chini ya makinda wawili. Yenye msaidizi mmoja ilikuza zaidi ya watatu. Kisha Reyer na mwenzake Klaas Westerterp wakafanya jaribio: wakahamisha makinda kutoka kiota hadi kiota. Jozi za Naivasha zilizoongezewa makinda zikaanza kumkubali kapera. Kumbe si kwamba mdiria wa Victoria ana roho nzuri kuliko wa Naivasha. Ni mzigo. Mzigo ukiwa mzito kuliko mabega mawili, hata mpinzani anakaribishwa.

Kwa hiyo ile kanuni ina nusu ya pili: kinacholindika hupiganiwa, na kisichobebeka peke yako hubebwa pamoja. Ushindani na ushirikiano ni hesabu moja, majibu mawili. Wewe mfugaji ndiye unayeandika swali.

Kuku: unachagua mayai au unachagua ugomvi?

Twende bandani, maana najua nusu yenu mna kuku chotara.

Mwaka 1996 William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alichapisha matokeo ya kuku wa mayai waliofugwa wengi ndani ya kizimba kimoja. Wengi wetu tungefanya hivi: tafuta mtetea anayetaga kuliko wote, mzalishe huyo. Muir hakufanya hivyo. Alipima kizimba kizima cha kuku wa familia moja, na familia ambayo kwa pamoja ilitaga vizuri na kuishi ndiyo aliyoizalisha.

Matokeo? Vifo vya mwaka vilishuka kutoka asilimia 68 hadi karibu asilimia 9 ndani ya vizazi vichache tu, na mayai kwa kila kuku yakaongezeka sana. Kwa nini? Kwa sababu mtetea anayeonekana bingwa ndani ya kundi anaweza kuwa amepata ubingwa kwa kuwadonoa wenzake na kuwanyima chakula. Ukimzalisha yeye peke yake, unazalisha udonoaji. Ukipima kundi, unazalisha kuku wanaoweza kuishi pamoja.

Jogoo naye usimpime kwa ukali tu. Angalia jogoo mzuri anapopata mdudu: hali. Anatoa ule mlio wa haraka haraka, ko-ko-ko, anaokota na kudondosha mpaka mitetea waje wale. Pia ndiye anayepiga kelele mwewe akipita. Huo ni ushirikiano, na ni ushindani vilevile, maana mitetea huvutiwa na jogoo wa namna hiyo. Jogoo mkali asiyeita mtu kwenye chakula anaweza kuwafukuza majogoo wenzake wote na kubaki baba pekee. Hapo tumerudi kwenye bwawa la Magu.

Fanya hivi

1. *Sato wa kuuza:* nunua vifaranga madume kutoka kituo unachokiamini. Usizalishe wa kwako kwa sababu tu hela ya vifaranga imepungua. Utalipa baadaye kwa riba.

2. *Ukitaka kuzalisha kweli:* baba wawe wengi, na watenge. Dume mmoja na majike wawili au watatu kwenye chandarua chake. Hivyo kila dume anazaa, mbabe hawezi kuwazuia wengine. Kama huna nafasi ya kutenga, rudi namba 1.

3. *Tunza daftari.* Andika baba wametoka wapi na lini. Leta damu mpya kutoka chanzo kingine, si kwa jirani aliyenunua kwako.

4. *Chakula kisilindike.* Samaki: tawanya. Kuku: vyombo kadhaa vya chakula na maji, pande mbalimbali za banda, na angalau sentimita 10 za ukingo wa chombo kwa kila kuku mkubwa.

5. *Kuku wa kienyeji wa kutotolesha:* jogoo mmoja kwa mitetea kama 10. Ukiwa na mitetea 50, gawa banda ili kila jogoo awe na sehemu yake. Badilishana majogoo na kikundi cha mbali kila mwaka.

6. *Unapochagua mbegu, pima kundi.* Jiulize: hili kundi lote limetaga kiasi gani, wangapi wamekufa, wangapi wana vidonda? Mbegu itoke kwenye kundi lenye amani na mazao, si kwa bingwa mmoja aliyesimama juu ya majeruhi.

Na wale vijana?

Tulikausha bwawa. Samaki wale waliuzwa kwa bei ya hasara kwa mama lishe wa jirani, wengine wakaliwa nyumbani. Niliwaomba radhi mbele ya wote sita, maana mshauri anayekosea kimyakimya atakosea tena. Wawili waliondoka kikundini, na sikuwalaumu. Msimu mzima umepotea, na nyumbani watu wanakula kila siku.

Wanne waliobaki walichangishana, wakanunua vifaranga wapya. Wakagawana zamu za kulisha na za kulinda usiku, kwa sababu bwawa lile mtu mmoja hawezi. Mavuno yaliyofuata mnunuzi wa Mwaloni alirudi. Safari hii alikuja na gari.

Sasa nenda kaangalie shamba lako. Usianze na samaki au kuku mkubwa kuliko wote. Anza na yule mdogo aliyesimama pembeni, ujiulize ni nini kimewekwa pale katikati ambacho mwenzake anakilinda. Halafu kitawanye.